Chumvi ya Siku ya Posa ya Zuhura

Mpendwa jirani yangu, Mama Zuhura,

Kabla hujauliza hali: moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Akili bado ni nzima, na bado ina maswali kama ulivyonizoea.

Nakaa ghorofa ya nne, Kariakoo ileile, jengo lililosimama palipokuwa nyumba yetu. Asubuhi nanusa vitunguu vya majirani na kukisia nani anapika nini. Mlango wa kushoto ni maharage. Wa kulia sijaujua. Hakuna anayebisha hodi na bakuli lililofunikwa kawa. Unakumbuka uani kwetu? Majiko matano ya mkaa, na mimi mwanamume peke yangu, madaftari ya wanafunzi magotini, nikikuuliza kwa nini tui la kwanza huingia mwisho.

"Mwalimu, mambo ya jikoni yanakuhusu nini? Oa basi!" Ulikuwa ukinijibu hivyo, kisha unanipakulia.

Leo nina la kukuambia kuhusu siku walipokuja wazee kutoka Kilwa kumposa Zuhura.

Ulipika mchuzi wa kamba. Ulikuwa umefunga, unalipa siku zako za Ramadhani, kwa hiyo aliyeonja ni wifi yako Mwanaidi. Nilimsikia: "Wifi, imekolea, usiongeze kitu." Mkaingia ndani kumvalisha binti, ukaniachia mwiko.

"Mwalimu, wewe koroga tu, tui lisikatike. Usije ukanisahihishia kama madaftari yako!"

Nilikoroga. Kisha nikataka kujua, nikaonja. Mama Zuhura, mimi nimekulia Machame, kwenye mtori wa ndizi usiojua tui. Ule utamu wa tui niliudhani ni upungufu wa chumvi. Nikawaza, Mwanaidi amekosea, na wageni wako barazani. Nikatia chumvi vijiko viwili, vile vya kulia wali, nikaona nimekuokoa.

Mzee wa upande wa mume alimeza tonge moja, akaomba maji, akaomba tena. "Bahari ya Kilwa," akasema kwa adabu, "imetufuata mpaka jamvini." Wanaume tukacheka. Nyuma ya pazia hukucheka.

Wageni walipoondoka ulimgeukia Mwanaidi. "Ulitaka mwanangu aolewe na mtoto wa shoga yako, ndiyo maana ukaniaibisha!"

"Wallahi wifi, nilipoonja ilikuwa sawa."

Mkanitazama nyote wawili. Nikasema sikumwona mtu akigusa chungu. Nilisema nikiwa na harufu ya tui mikononi.

Zuhura aliolewa, lakini Mwanaidi alihamia Ilala wiki ileile, na hamjasemezana tangu hapo. Hata ulipofiwa na mumeo, kaka yake wa tumbo moja, alikaa upande wa pili wa msiba na kuondoka bila kukushika mkono. Mimi nilikuwepo. Nilinyamaza siku ile pia.

Kwa nini? Nimejichunguza kama ninavyochunguza kila kitu. Aibu ya mwanamume kutia mkono kwenye chungu cha jirani ingepita kwa siku tatu. Miaka yote ya kunyamaza baada ya hapo sijui ilitoka wapi. Na wewe, mbona hukuniuliza mara ya pili? Ulinistahi kwa sababu ya ualimu, au ulishajua?

Ijumaa iliyopita Mwanaidi alikuja kuniona, kaniletea uji wa mchele. Kama kawaida yake akauliza, "Wifi yangu hajambo huko Kilwa kwa Zuhura?" Bado anakuita wifi. Nikamwambia yote. Aliweka kikombe chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Mwalimu, miaka yote hii nilidhani ulimi wangu una kasoro. Mpaka leo sipiki bila kumwita mtu aonje."

Nikamwomba akupigie. Akakataa katakata. "Mimi niliapa, hakuniamini. Aanze yeye."

Namba yake ameiandika mwenyewe nyuma ya karatasi hii. Sikumwomba, alichukua kalamu.

Msamaha wangu unaweza kusubiri, hata ukichelewa ukanikosa. Yeye anapanda ngazi zangu kwa kushika ukuta, na wewe si binti tena. Mpigie leo, kabla hujaweka chungu jikoni. Akipokea, usianze na habari ya chumvi wala yangu. Muulize kwanza ameamkaje.

Buriani, mama. Umenilisha vizuri kuliko nilivyostahili.

Jirani yako wa ukuta mmoja,
Mwalimu