Pale Nilipoandika "Sote Wazima"

Mjukuu wangu Zuberi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Tongoni sote wazima. Bibi yako kapata miwani, sasa anaona vumbi kila mahali.

Umeniuliza kama uzungumze na yule daktari wa akili mliyepewa melini, wa kwenye simu. Sijui nikujibu nini. Sielewi mtu aliye nchi nyingine anautibu vipi moyo asiouona.

Ninachokumbuka ni mwaka wangu wa kwanza kwenye injini za meli. Nilikuwa silali, chakula hakipiti. Nikaandika nyumbani kama tulivyozoeshwa: "Mimi mzima, hofu ni juu yenu mlio mbali." Mama akajibu kwamba amemshukuru Mungu. Nikamkasirikia mwezi mzima kwa kutojua, na mpaka leo sielewi hasira ile ilitoka wapi, maana aliyeficha ni mimi.

Basi ukimpigia huyo daktari, usimwanzie kama tunavyoanza barua. Mengine sijui.

Nimeisoma tena hii kabla ya kuifunga. Pale juu nimeandika sote wazima. Mimi nitoe. Tangu uondoke sijalala vizuri.

Babu yako