Kengele Yako Bado Inanikatiza

Koko, mume wangu wa kwanza na wa pekee hadi sasa,

Nakuandikia kutoka kwenye kiti chako, hapa mtaani Kasha, mbele ya mke wako mkubwa, ambaye amedai nimsomee kila sentensi kabla wino haujakauka. Ameshika kengele. Unaijua ni ipi.

Uliniita mke tangu sijaota meno, kama ilivyo haki ya kila koko, yaani babu, kwetu. Mke wako mkubwa naye, bibi yangu wa damu, akaniita mbanda, mke mwenzake, akalalamika kwa majirani kwamba nimekuja kumnyang'anya mume nikiwa bado nimefungwa nepi. Katika ndoa hiyo ya watatu nilijifunza siasa yangu ya kwanza: kwamba mnyonge asiyepiga kelele hapewi mnofu.

Ulikuwa sakristani wa parokia muda mrefu kuliko maparoko wote uliowavalisha kanzu. Ulipostaafu hukuomba zawadi nyingine ila kengele ndogo ya misa, ile iliyopinda mdomo. Waumini waliona ni ibada, lakini mimi nilijua ni silaha. Nilipoanza chuo kikuu nikarudi na maneno marefu, nikasimama sebuleni kuutaka umma wa Bukavu udai maji, barabara na mwanga. Umma wenyewe ulikuwa wewe, mke wako mkubwa na kuku mmoja. Uliniacha nifike kwenye "kwa hiyo, ndugu zangu", kisha ukaipiga.

"Muke wangu," ulisema, "paroko alikuwa na Mungu mu maneno yake na bado nilimukatiza. Wewe uko na nani?"

Nikakaa, nikamwachia kuku jukwaa.

Wala usijifanye ulikuwa shujaa. Nakumbuka safari yetu ya Idjwi, tulipokwenda harusini kwa mtumbwi wa mota. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Hata hivyo ulimkumbatia mbuzi wa watu tangu gati la Bukavu hadi kisiwani, macho umeyafumba, ukimweleza kila aliyeuliza kwamba mnyama ana woga na unamtuliza. Tulipofika, mbuzi alishuka mwenyewe. Wewe ulishushwa na watu wawili.

Nakumbuka pia goti lako. Kila bidoni za maji zilipokauka, goti liliuma, nami nikapanda kilima na lita ishirini kichwani huku ukinihurumia kutoka kivulini. Lakini jirani akifungua kasiksi, ile pombe ya ndizi, goti lilipona kabla povu halijatulia.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Mara ya mwisho nilipokuja, ulinitaka nikuahidi jambo moja.

"Siku nitakufa, utavaa koti yangu, utanizuia ku mulango, utanicheka mpaka batu bote bacheke. Muzee mwenye bajukuu habakumucheka anaenda kama mugeni."

Nilijua desturi hiyo ya mjukuu kumwigiza babu yake anapotolewa nyumbani. Nimeiona katika misiba mingi. Lakini siku ile nilikuwa nimetoka mkutanoni, damu bado inachemka. Nikakujibu kwamba taifa linalozika watu wake kila siku halina ruhusa ya kuchekesha makaburini, kwamba nitakuaga kwa hoja wala si kwa vichekesho, kwamba… Ukapiga kengele. Nikachukua mfuko wangu nikatoka bila kukuaga, wakati ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, viko mezani. Siku ya nne simu ya mwanao, tonton wangu, ikanikuta chumbani kwangu Nyalukemba.

Nilikuja kukuzika na kurasa kumi na moja. Wanafunzi wenzangu walikuja pia, wakajaa uani hadi kwenye uzio wa jirani. Nilisimama mbele ya jeneza lako nikaanza kwa utulivu, naapa. Lakini mdomo una mazoea yake. Nilipouliza, "Je, tukubali kifo hiki?", wenzangu wakainua ngumi na kujibu kwa sauti moja, "Jamais! Kamwe!" Paroko alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilipofika ukurasa wa nne nilikuwa nimeshaagiza kifo kijiuzulu.

Ndipo kengele ikalia.

Nilidhani ni wewe. Nusura niseme samahani. Kumbe ni mke wako mkubwa, amekaa kwenye mkeka katikati ya wajane wenzake, kengele mkononi na koti lako la kahawia mapajani. Alinirushia koti. "Mbanda," alisema, "acha serikali. Bwana yetu iko nangojea."

Nikalivaa. Mikono yake ilinifika vidoleni, na mfukoni mlikuwa na kipande cha mshumaa wa kanisa. Wabebaji walikuwa wamekwisha kukuinua. Nikajinyoosha kizingitini, kurasa saba zilizobaki nikazisukumia mfukoni, juu ya mshumaa.

Kisha nikashika goti. Nikalia kwa sauti yako kwamba siwezi kwenda kaburini, goti linauma, watume mtoto. Mtu mmoja akakohoa. Nikauliza kama huko ninakopelekwa kuna kasiksi, nikasimama wima papo hapo. Mke wako mkubwa akawa wa kwanza kucheka. Nilipoita, "Mbuzi yangu iko wapi? Sivuki bila mbuzi!", wabebaji walicheka hata ukaanza kuyumba huko juu, na tonton akapiga kelele wakuweke chini kabla hawajakuangusha. Paroko alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Ulitoka nyumbani kwako huku watu wote wakifuta machozi, na hakuna aliyeweza kusema ni ya aina gani.

Lakini ahadi nilikuwa nimekunyima ukiwa hai, Koko, na kicheko cha uani hakiwezi kurudi nyuma kukufikia siku ile. Ndiyo maana leo, mbele ya shahidi huyu, kwa dhamiri yangu yote, kama binti wa mji huu ambao…

Amepiga kengele.

Anasema nisipoteze wino. Anasema siku ile niliyotoka bila kuaga, kabla hata sijafika barabarani, uliagiza sahani yangu ifunikwe, mtu asiiguse, kwa sababu muke wako atarudi. Ilikaa mezani mpaka asubuhi. Ndipo ukaila yote mwenyewe, ukaeleza kwamba ungeniletea Nyalukemba, ila goti.

Lala, muongo wangu mpendwa. Sina hoja zaidi.

Mke wako mdogo,
mwenye koti