Njia ya Haraka na Vifurushi vya Khalati

Bi Mahbuba, shikamoo. Nakuomba unisaidie, na nakuomba usinicheke, nakuandikia kwenye ukurasa wako kwa sababu sauti yangu hainitoki mbele ya watu, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Mie ni msichana wa miaka kumi na saba, nakaa Mawaleh, huku Omani, kwa khalati wangu, dada yake marehemu mama, yeye ndiye aliyenilea, na kila likizo ya skuli tunakwenda Unguja kumtazama bibi mzaa mama, na kama ujuavyo, kwetu sisi watu wakisikia unasafiri hawaji mikono mitupu, huyu analeta tende, yule udi, yule dawa za mumewe, na kila mmoja anasema "kidogo tu mwanangu, cha kutia pembeni," na kifurushi kimeshashonwa kwa kitambaa, huwezi kuuliza mna nini ndani, maana kuuliza ni kumwambia mtu mzima kuwa humuamini.

Likizo iliyopita pale uwanja wa ndege askari wa kike aliniita kando, mashine ilionesha chupa ndani ya begi langu la mkononi, akaniuliza nani kafunga begi hili, nikasema mie, ingawa vifurushi vya watu alivitia khalati, akauliza na chupa hizi za nini. Skuli nasoma kwa Kiarabu, nyumbani tunasema Kiswahili, na siku ile lugha zote mbili zilinikimbia, nikabaki natazama viatu vyangu na foleni nzima inanitazama mie, khalati kashatangulia mbele wala hana habari. Askari akafungua chupa mwenyewe, ikanuka marashi ya mawaridi, akacheka, "Binti wa Kiomani marashi huyajui?" akayazuia, akaniwachia nipite, nikakimbilia ndege.

Safari hii khalati miguu inamsumbua, nakwenda peke yangu, na bibi hali yake si nzuri, lazima nifike. Nikasikia kuna mpango wa abiria wanaoaminika, unajiandikisha, wanakupiga picha ya macho, wanachukua alama za vidole, wanakuhoji, ukikubaliwa unapita njia yako ya haraka, husimami foleni ndefu wala hupekuliwi kila mara. Nikamwambia khalati. Loo, alifurahi kunishinda mie! Pale pale akampigia rafiki yake, Bi Mahfoudha: "Shoga, tumepata njia! Mtoto atakuwa anapita hawamgusi. Lete vyako, na vya wifi yako pia!" Sasa chumba changu kimejaa vifurushi vya watu ambao hata sura zao sizijui.

Na masharti nimeyasoma, Bi Mahbuba. Unatia saini kuwa kila kilichomo begini umekifunga mwenyewe na hubebi cha mtu. Nikamwonesha khalati, akasema, "Tia saini tu, hayo wameandikiwa wahalifu, sie ni watu na jamaa zetu." Nikasema, lakini khalati… akanikata: "Amana haikataliwi. Unataka watu waseme nimelea mtoto asiyefaa?"

Mahojiano ni mwisho wa mwezi. Uongo sitii saini, wallahi, hilo nimeshaamua na sirudi nyuma. Lakini vipi nimwambie mtu aliyenilea? Kila nikianza ananikata. Au nijitoe, nisingizie naumwa? Nifundishe la kusema.

Mwenye Haya, Mawaleh

*

Mwenye Haya, marahaba. Nitakusifu kwanza, kisha nitakugombeza, na vyote viwili umevistahili.

Umekataa kuutia saini uongo ingawa anayekushikilia ni mtu unayempenda. Wapo watu wazima wenye ndevu zao hawaliwezi hilo. Lakini hiyo hadithi ya kusingizia ugonjwa ifute leo! Unaukimbia uongo wa uwanja wa ndege, unautafuta wa nyumbani? Na siku ile ya marashi, mwanangu, ulipoulizwa nani kafunga begi, ulidanganya. Ndiyo maana swali la pili likakukaba. Nani ataeleza chupa ambazo hakuziona zikitiwa? Hata mie mwenye mdomo huu ningebabaika.

Na usidhani njia ya haraka ni pazia. Wanaoaminika nao huchaguliwa wakapekuliwa. Siku utakayokutwa na cha mtu, khalati hatakuwepo, Bi Mahfoudha hatakuwepo, wala huyo wifi. Utakuwepo wewe na saini yako, na bibi yako Unguja anauliza ndege imefika au bado.

Basi fanya hivi. Leo, kabla wageni wa kahawa hawajaingia, kaa na khalati wako wawili tu. Usianze na "lakini khalati", hiyo keshazowea kuikata. Msomee sharti lile kwa sauti, kisha mwambie: "Khalati, nakupenda, na vifurushi hivi sivibebi. Nisaidie kuvirudisha." Akifoka, mwache afoke. Akilia, mshike mkono, na neno lako usilibadilishe. Mwenye tende na mwenye udi waende kwa watu wa kusafirisha mizigo, wafungue, waandikishe kwa majina yao. Mwenye dawa aulize huko zinakwendaje kihalali, na cheti cha daktari mkononi. Hata zawadi ya khalati kwa mamake, waulize wanaokuhoji kama unaruhusiwa. Swali hilo lifanyie mazoezi mbele ya kioo, kwa Kiarabu, mpaka lisikutetemeshe. Wakikwambia hapana, usibebe.

Na mpango ukichelewa, au wakikukataa, nenda foleni ya kawaida na begi unalolijua. Utafika kwa bibi yako vilevile.

Sasa wewe, khalati mwenyewe. Najua ukurasa huu husomwa kwa sauti kahawa ikimiminwa, kwa hiyo nisikilize. Miguu ikikuuma, Mungu akuafu. Unaogopa watu watasema umelea mtoto asiyefaa? Umelea mtoto asiyedanganya hata kwa ajili yako, na wanaoweza kusema hivyo ni wachache. Wapigie simu waje wavichukue vitu vyao. Na ukiona haya kuwaambia, sema Bi Mahbuba kakataza. Waache wanichukie mie, nimezowea.