Kilio Changu Kwenye Tangazo la Milango

Jumanne, 4 Machi

Nimechambua maharage tangu asubuhi. Mawe tupu. Aliyeniuzia ni mlokole, anaimba kwaya na macho ameyafumba. Kumbe hata wakati wa kupima huwa ameyafumba.

Mchana tangazo langu limetoka. Nilikuwa nakula kwa Sara, mama lishe wa ng'ambo ya barabara. Runinga yake haibanduki kwenye chaneli ya kebo ya hapa Tunduma. Tangazo linaanza sebuleni. Mama anakunja nguo, mtoto amelala kwenye kochi, kinanda kinapigwa polepole, unaweza kusinzia. Mara sura yangu imejaa kioo kizima, nyeupe kwa unga, macho yamenitoka, na sauti yangu: kilio. Halafu kimya. Mwanaume anauliza kwa sauti nzito, "Ulifunga mlango?" Ndipo inaonyeshwa milango ya chuma ya tajiri mmoja wa hapa mjini.

Dereva wa lori alimwaga supu mapajani. Sara aliita Yesu. Mimi mwenyewe, mwenye sauti, niliruka. Tulicheka mpaka machozi.

Nimefurahi. Naandika ukweli.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa mimi ni maarufu. Watoto wakitoka shule wanapaza, "Ulifunga mlango?" Nawajibu wafunge midomo kwanza. Mteja wangu mmoja wa Nakonde, Mzambia, hakuelewa kelele za nini. Bodaboda mmoja akamwonyesha kwenye simu. "Mayo!" Akamwita mama yake kwa lugha ya kwao, akashika kifua, kisha akanunua maharage huku ananitazama kwa jicho la pembeni.

Boaz amepita kunisalimia. Ndiye kijana aliyetengeneza tangazo. Anasema mwenye milango anachekelea, simu hazikatiki.

Boaz alinisikia mwaka jana kwenye msiba wa mama yake mkubwa. Kwa kulia najulikana. Silipwi. Ni vile tu sisi wanawake wa Mbozi tukienda msibani tunaanza kulia tungali njiani. Waliomo ndani wanakujua kwa sauti kabla hujaonekana, wanatoka kukupokea, mnaingia pamoja mkilia. Yangu inafika mbali. Boaz akaja kuniomba nilie mbele ya kamera, kama msibani kabisa. Nikalia. Alichonipa nikamnunulia dada Elina godoro, maana anaumwa na lake lilikuwa limebaki gunia.

Kuna kitu kinanikera kidogo. Sijui ni nini.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kijijini kwa Elina, mbele ya Mlowo. Amekwisha. Shingo imekuwa kama ya kuku. Uvimbe wa tumboni hausikii dawa tena na hospitali wamesema tukae naye nyumbani. Elina ni dada yangu, lakini ndiye aliyenilea. Mama alikufa meno yangu hayajatimia. Wengine wote wametangulia, tumebaki wawili.

Neema, binti yake, akamwonyesha tangazo kwenye simu. Nilitaka kumzuia. Elina alishtuka, kisha akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Halafu akajifuta macho. Akasema, "Mdogo wangu, mimi usinililie hivyo. Mimi nililie kilio chote."

Akataka nianze kulia kule darajani, chini ya kilima chao. Asikie ninavyokuja. Nikamwambia aache maneno hayo, atapona. Akanitazama vile anavyonitazama tangu utoto nikimdanganya. Nikaahidi.

Kwenye gari la abiria, Noah, nimelia kimyakimya mpaka Tunduma. Nampenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Jirani yetu Mzee Yohana amefariki. Nilikwenda na wenzangu wa sokoni. Nikaanza kulia pale kwenye kona, kama kawaida. Sikufika hata kwenye jina lake. Mtoto mmoja pale uani alipiga yowe akakimbilia ndani. Vijana waliokuwa wakifunga turubai wakacheka. Walijaribu kujizuia, niliona, na kujizuia kwao ndiko kulikoharibu zaidi. Mmoja akaigiza ile sauti nzito, chini chini, "Ulifunga mlango?" Hapo hata wanawake waliziba midomo na khanga.

Mjane alikuwa amekaa mkekani. Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejiuliza huyu amekuja kufanya nini.

Nikakatiza kilio. Sijawahi kukatiza kilio maishani mwangu. Nikaenda jikoni kumenya viazi, nikamenya hata vya kesho. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa Boaz. Ofisi yake ni chumba nyuma ya duka la simu. Amenipa shikamoo mbili. Nikamwambia aliondoe. Anasema si lake tena, mwenye milango amelipia mpaka mwisho wa mwezi. Na hata likiondolewa, limeshasambaa simu kwa simu. Hawezi kuwafuata watu mifukoni.

Nikamuuliza kwa nini alitaka kilio. Akanieleza kwa adabu, kama mwalimu. Kwanza unamtuliza mtu. Unampa muziki, unampa mtoto aliyelala, mpaka mabega yashuke. Ndipo unampiga. "Mama, mtu akishtuka hasahau." Nikamwambia mtu akishtuka hasikilizi.

Nikaomba nione kile nilicholia siku ile, chote. Anacho kwenye kompyuta. Nilikuwa nimesahau kwamba nililia muda mrefu vile. Nilimtaja mama. Nilimtaja marehemu mume wangu na koti lake. Nilimuuliza Mungu mambo. Ule mlio wa kwanza ni hodi tu, kilio chenyewe kinafuata. Wao wamechukua hodi, mgeni wakamwacha nje.

Boaz alikuwa anatazama sakafu. "Nisamehe mama, sikujua hayo ni majina ya watu." Ni kweli. Nililia Kinyiha, yeye hakijui.

Mwenye milango nilimpigia. Ameniambia nimshukuru. Anataka tutengeneze sehemu ya pili. Nimemtukana. Mungu anisamehe, na asiponisamehe leo sijali.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejaribu kulia peke yangu chumbani. Nilitaka nianze chini, nipande kidogo kidogo, isifanane na ile. Haikuja. Kila nikifungua mdomo naiona ile sura yenye unga. Nimeanza kuiogopa sauti yangu mwenyewe.

Jirani akabisha, akauliza kama nimekwamwa na mwiba wa samaki. Tukacheka. Alipoondoka nikakaa chini.

Ijumaa, 21 Machi

Neema amepiga. Elina hasemi tena. Maji kwa kijiko.

Kesho gari la kwanza. Ee Mungu, nimkute.

Jumamosi, 22 Machi

Sikumkuta. Alikata roho alfajiri, mimi niko stendi nasubiri gari lijae. Elina wangu. Dada yangu.

Darajani nilimwambia wa bodaboda aniache. Mto umejaa. Nyumba inaonekana juu, katikati ya mibuni, moshi, turubai la bluu. Nikajifunga khanga. Nikafungua mdomo.

Nikasikia vicheko. Hapakuwa na mtu. Vilikuwa kichwani mwangu. Nikaona mtoto anakimbia. Nikaona watu wanaziba midomo na dada yangu amelala mbele yao. Nikafunga mdomo. Kunicheka mimi si kitu. Lakini msiba wa Elina usigeuzwe mchezo.

Nikapanda kilima kimya. Nikaingia kwa upande wa jikoni, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Hakuna aliyetoka kunipokea, maana hakuna aliyejua nimefika.

Jumapili, 23 Machi

Tumemzika. Kaburini nilijaribu. Kikatoka kikohozi.

Baadaye shemeji, mume wake, akaniuliza jana nilipita wapi. Anasema walikuwa wanasikilizia. Wanawake walikaa barazani muda wote, tayari kutoka. Kabla hajapoteza kauli Elina aliwaambia, huyo mtamsikia kabla hamjamwona.

Nikauliza habari za tangazo. Tangazo gani? Nikamuuliza huyu, nikamuuliza yule. Tangazo gani, mama? Huku kebo hakuna. Neema alimwonyesha mama yake tu, basi. Wale wanawake wa barazani hawakuwahi kuniona na unga usoni. Hakuna ambaye angecheka. Hata mmoja.

Najichukia.

Jumanne, 25 Machi

Neema amekuwa akinipita kama nguzo. Leo tukisugua masufuria amesema. "Mama mdogo, mama alikulea. Umekuja kama mgeni."

Nikamweleza. Tangazo, vijana wa turubai, mjane wa Mzee Yohana. Nilipokuwa naeleza nilikuwa naiona sababu yangu inavyopungua. Tangazo la milango ya chuma. Hiyo ndiyo iliyonizuia kumlilia aliyenibeba mgongoni. Neema hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema, "Mtu angecheka, sisi tungemtoa." Akaenda kumwaga maji machafu kwenye migomba.

Wa kumlaumu natafuta, simpati. Boaz ni mtoto. Mwenye milango anauza milango. Aliyefunga mdomo darajani ni mimi, na majuto ni mjukuu, tena huyu wangu amekuja kukaa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimerudi kwenye maharage. Mvua imepungua, malori yamejaa mpaka kwenye mitaro.

Tangazo limekwisha. Kwa Sara sasa kuna la majani ya chai. Baba, mama, watoto, birika, muziki mtulivu. Nilishika meza nikisubiri mlio. Hakuna mlio. Wanakunywa chai tu. Watoto wa shule nao wamepata jambo jingine la kupigia kelele. Limeenda kama lilivyokuja, na hakuna anayenitazama mara mbili.

Mchana nilikuwa napepeta. Akaja mwanamke kutoka Nakonde na ndoo yake. Simjui. Akataka maharage ya njano, akasema dada yake hataki kula mengine ila hayo.

Sauti ikatoka. Sikuiita. Ikatoka kubwa, ikapita ule mlio wa kwanza, ikaendelea. Nikamtaja Elina. Nikataja mgongo wake alionibebea, uji wake wa ulezi, mikono yake wakati wa kuchuma kahawa. Nikamwomba anisamehe. Soko likageuka. Bodaboda wale wale, wabeba mizigo wale wale. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema lile neno.

Yule mwanamke hakuniuliza kitu. Aliweka ndoo chini, akakaza kitenge chake, akalia na mimi, yeye kwa Kinamwanga, akimtaja Elina kwa jinsi alivyosikia namtaja. Tukalia mpaka tukachoka. Sara akatuletea maji.

Alipomaliza kufuta uso akaniuliza msiba uko wapi, aende hata kwa muda mfupi. Nikamwambia tulishazika.

Akanishika mkono. Nikampimia maharage yake.