Kitambaa Kilichotoka Kijani

Atupele, rafiki yangu,

Mama yako amesema leo asubuhi kwamba atakipokea kitambaa. Alisema huku anapepeta ulezi, bila kuniangalia.

Nikueleze ilivyokuwa. Siku tuliyokuzika, kila rafiki alileta nguo ya kukuvika. Mimi nilikuja mikono mitupu. Wanawake wengine walinipisha. Mama yako aliniambia: “Umekuja na mikono, mwanangu. Mikono haimfuniki mtu.”

Kitambaa nilikuwa nacho. Alfajiri ile nilikitoa kwenye chungu cha nili, rangi yetu ya buluu, kile kilichofinyangwa na Wakisi, ulichokifunika kwa jani la mgomba, majirani wakasema kinanuka kama kambale aliyesahaulika. Merikani yetu, ile pamba nyeupe, ilikuwa imekunjwa ulivyoikunja wewe, imebanwa kwa vipande viwili vya mwanzi vilivyofungwa kamba, kuiga kile kitambaa cha Kijapani alichotuonyesha Bibi Mdachi wa misheni. Majaribio yote ya nyuma yalitoka kijivu, rangi ikaondoka na maji. Ulicheka: “Huko Japani wanatusikitikia.” Kisha ukaongeza majivu na pumba chunguni, na baadaye ukaugua.

Safari hii kilitoka kijani, kama jani changa la mgomba. Nikaona tumeshindwa tena. Nikikuvika hicho, watu watacheka mbele ya maiti yako. Nikakitupa juu ya uzio wa ua, nikaenda mazishini.

Ukiwa kitandani uliniambia, “Usikihukumu kabla upepo haujakigusa.” Nilidhani ni homa inayosema.

Niliporudi kutoka kaburini kilikuwa buluu. Nikakata kamba, nikakikunjua. Ndani kulikuwa bado kijani, nako kukageuka buluu mbele ya macho yangu. Penye mwanzi pamebaki peupe, madirisha kwa safu, kama ya kanisa. Nilikaa chini, pale pale uani. Umelala na nguo za watu wote, isipokuwa uliyoitengeneza mwenyewe.

Jana nilimweleza mama yako yote. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Leo amesema tu: “Kilete kimekunjwa alivyokikunja yeye. Nitakifungua mimi.”

Nimekikunja. Mikunjo yako bado ipo. Vidole vinaifuata bila kutafuta. Sitakikunjua tena.

Ndaga, Atupele, asante. Pumzika. Jumamosi tunaanua matanga. Nitakiweka mapajani mwa mama yako kabla watu hawajafika.