Udongo wa Ukuta wa Bibi

Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, baridi ya kuvaa soksi ndani ya nyumba.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mvua ikinyesha, huegemeza uso kwenye ukuta wa chumba ninacholala na Bibi, nikaunusa. Ni ukuta wa fito na udongo, wa nyumba ya kizamani hapa Majengo. Wenzangu shuleni wanaishi kwenye maghorofa ya Huruma. Sijui ningewaelezaje kwamba ukuta unaweza kupendwa.

Jana ulibomolewa.

Mjomba Hamisi anatujengea nyumba ya mawe. Ameanzia nyuma, na sisi tumehamia chumba cha mbele. Simlaumu. Mchwa walishakula fito, na Bibi atapata choo cha ndani, na magoti yake yale.

Lakini niliiona ramani. Haina baraza.

Bibi hukaa barazani kila jioni. Watu humsalimia, hukaa kidogo, humwambia nani mgonjwa na nani amejifungua. Alipoonyeshwa ramani alisema tu, "Nzuri, mwanangu," kisha akauliza kiti chake kitawekwa wapi.

Katika maktaba ya shule nimesoma kwamba siku hizi wasanifu wanajenga hata madarasa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, yaliyotiwa saruji kidogo na kushindiliwa. Na udongo wetu umerundikwa uani, unangoja lori la kesho.

Asubuhi nilikaa na maneno mdomoni hadi chai ikapoa. Mimi ni mtu wa kunyamaza hata nikijua jibu.

Nikasema, macho yakiwa sakafuni. "Mjomba, tusiutupe udongo. Tujengee baraza."

Akacheka. "We profesa, nijenge nyumba ya mawe halafu mbele nipake matope? Mtaa mzima utanicheka."

"Si matope. Ni matofali."

"Na mvua je?"

"Chini tuanze na mawe. Na paa litokeze mbele, kama la sasa."

Akakuna kichwa. Bibi akaweka kikombe chini. "Hamisi, udongo huo niliukanyaga kwa miguu yangu, wewe ukiwa mgongoni. Ulilia kutwa nzima."

"Mama, hayo ya kulia tuyaache."

"Basi niambie nitakaa wapi. Barabarani?"

Mjomba akampigia simu mwenye lori, amwambie asije kesho. "Nitengenezee tofali moja," akaniambia. "Likishakauka tutalimwagia ndoo ya maji. Likiyeyuka, udongo unaenda, na sitaki machozi."

Kwa hiyo nilichekecha udongo, nikatoa vipande vya fito na mawe madogo. Nikachanganya na saruji iliyobaki na maji kidogo tu, nikajaza kisanduku cha mbao, nikashindilia kwa kipande cha gogo hadi mabega yakauma. Tofali la kwanza lilivunjika kona. La pili limetoka zima. Nimeliweka kivulini, nikalifunika kwa gunia lililoloweshwa, nikaenda kunawa mikono.

Sikuitoa harufu yote. Kucha bado zinanukia ukuta.