Kwa Nini Sikukutumia Video ya Zanate

Mtaa wa Xonaca,
Puebla.
14 Novemba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Eleuterio,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na Yadira na watoto, na kwamba baridi ya huko New York bado haijaanza kukutesa magoti. Sisi huku tunajikongoja. Mgongo wangu unaniuma kwa sababu ya cherehani, na shangazi Refugio macho yake ndiyo hivyo tena. Juzi alimwamkia mwuza nyama kwa heshima zote akidhani ni padri. Lakini tunakula, tunalala, tunaamka. Vipi kazi? Vipi yule bwana mkubwa wako wa jikoni, bado anapiga kelele? Na Yadira, presha yake imeshuka?

Najua unashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Siku kumi sasa unanipigia, na mimi nakuambia mtandao mbovu. Mtandao si mbovu, Tello. Nilikuwa nakukwepa. Kwenye simu huniachii nimalize hata sentensi moja, na hili nataka nilimalize. Ndiyo maana nampa Chabela barua hii, jirani yetu, maana Jumamosi anapanda ndege kuja huko kwa binti yake. Anakuletea pia kilo mbili za mole, ule mchuzi wetu mzito wa pilipili. Usimruhusu Yadira aizimue kwa maji kama mwaka jana.

Video ya Zanate sitakutumia. Soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Ninajua ninakunyima nini. Miaka ishirini na miwili hujarudi nyumbani kwa sababu ukitoka huko hutaingia tena. Mama tulimzika wewe ukiwa ndani ya simu, Chabela amekushikilia juu ya kaburi mpaka mkono ukafa ganzi. Tangu uondoke hujawahi kuniomba kitu. Safari hii uliomba kimoja tu, umwone Zanate, mwanamieleka wetu wa kinyago cheusi, kwa mara ya mwisho, na mimi nikakuapia kwamba nitarekodi yote, tangu anapoingia mpaka anapotoka.

Wala sijasahau kwamba sisi wawili tulilelewa na yule mtu kuliko tulivyolelewa na baba. Kila Jumatatu Mama alifunika cherehani mapema, tukashuka wote watatu hadi ukumbi wa mieleka wa Arena La Trinidad na mkate wetu wa maharage kwenye gazeti. Wewe na taulo lako jekundu shingoni. Sijui kama watoto wako umewahi kuwaambia kwamba uliruka kutoka juu ya tangi la maji ukavunjika mtulinga, na hospitalini daktari alipokuuliza jina ukasema Zanate, na mwaka wa kuzaliwa ukasema ni siri. Mama alicheka huku analia.

Na ile siku Zanate alipokuja kuchukua vinyago vipya, Mama akamkaribisha chakula. Alikula mole na kinyago usoni, kijiko kinapenya kwenye tundu la mdomo, mchuzi unachuruzika juu ya kitambaa cheusi, wala hakukiinua hata kidogo. Wewe ukajipenyeza chini ya meza uchungulie kidevu. Mama alikutoa kwa sikio. Yeye mwenyewe alimshonea miaka kumi na saba na uso wake hakuuona. Alimpima kichwa juu ya kinyago cha zamani, kisha akapunguza upana wa kidole kimoja. Nami ndivyo ninavyopima mpaka leo.

Basi, arena inabomolewa. Nilikuambia. Mashabiki wa zamani tukakubaliana tumfanyie Zanate heshima kabla hawajang'oa viti. Nilichokuficha ni hali yake. Ana miaka sabini na tisa, na kichwa kinamtoroka. Kuna siku anakujua na kukutania, kuna siku anamuulizia marehemu mke wake kama amerudi kutoka sokoni. Binti yake Amparo alisitasita sana. Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimwambia kelele za watu zitamrudisha. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, kwa hiyo lawama ya kwanza ni yangu.

Lawama ya pili ni ya kamba. Jioni ile aliingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo peke yake, akatoka amevaa kinyago kipya nilichomshonea, akanigeuzia kisogo nimfunge. Wewe unajua kinavyofungwa, fundo la kufa, na baada ya pambano linakatwa kwa mkasi, ili adui hata akivuta vipi asiweze. Nilipovuta, mzee aligumia. Akaniambia, "Taratibu, binti yangu. Kichwa hiki siku hizi ni yai." Nikamwonea huruma. Nikamfunga kama ninavyofunga viatu vya mjukuu wangu, upinde huku na upinde huku. Nilijiambia kwamba hakuna wa kumvua, yote ni sherehe tu.

Tulikuwa watu kama mia mbili, rika letu wengi, vitambi na miwani. Ungefurahi sana, Tello. Kila mtu alipanda ulingoni na kumbukumbu yake. Yule Hilario dereva wa basi aliinua shati mbele ya wanawake ili aonyeshe ubavu uliovunjika mwaka themanini na moja, Zanate alipomwangukia kwenye safu ya kwanza. Alisema mvua ikikaribia ubavu unamuuma, na kila ukimuuma anafurahi. Mzee alikuwa amesimama katikati ya ulingo, mikono kiunoni kama zamani, anamcheka. Alikuwa anajua alipo. Nakuapia alikuwa anajua.

Halafu akapanda Barrabás Luna, mwovu wa ulingoni ambaye Zanate alipomshinda alimnyoa nywele, kwa kuwa hakuwa na kinyago cha kuvuliwa. Ndiyo, yule yule, bado yuko hai, miaka sabini na sita, kichwa kimeng'aa. Akachukua kipaza sauti na kumnyooshea Zanate kidole.

"Mwizi wewe," akamwambia. "Nimefuata nywele zangu. Tangu uninyoe mbele ya watu hawa hazijaota tena."

Watu walicheka mpaka kukohoa. Zanate naye akacheka. Na Barrabás, kwa kuwa uovu wa ulingoni ndio kazi iliyomlisha maisha yake yote, hakuweza kuishia hapo. Akasema leo huyu ndege mweusi aliyejiita Zanate atanyonyolewa, leo Puebla itamwona ana sura gani. Tulimzomea kwa raha zetu zote. Mimi dada yako, mwenye wajukuu, nilimwita kichwa cha malenge. Kuna mtu akagonga kengele.

Hapo ndipo mzee alipotuponyoka, akadhani pambano ni la kweli. Niliona mabega yake yanabadilika. Alimwendea Barrabás, akamkamata, na Barrabás akakubali kukamatwa, akawa anajilegeza ili aangushwe na kumpa ushindi. Nia yake ilikuwa njema. Lakini magoti ya Zanate yalikataa. Wakaenda chini wote wawili taratibu, na aliyekuwa chini ni Zanate, mabega yote mawili sakafuni.

Na sisi tukahesabu. Sijui nikueleze vipi. Hakuna aliyefikiri. Ukikaa kwenye viti vile na ukaona mabega yamegusa sakafu, mdomo unajihesabia wenyewe, maana ikifika tatu aliye chini ameshindwa. Moja, mbili, tatu, watu mia mbili kwa sauti moja, na mimi nikiwemo, nimeinua simu juu kwa ajili yako. Miaka thelathini na minane hakuna mpinzani aliyewahi kumshinda na kumvua kinyago, na sisi tuliompenda ndio tuliomhesabia.

Barrabás aliruka kando kama aliyeungua. Mzee akainuka akapiga magoti. Alituangalia. Kisha akafanya anavyofanya mtu muungwana aliyeshindwa, akapeleka mikono kisogoni. Lingekuwa fundo la kufa, vidole vyake vile visingeliweza hata kwa saa nzima. Alivuta mara moja tu.

Mwanamke mmoja mbele yangu akasema, "Msimwangalie." Hakupiga kelele, alisema tu. Tello, watu wote waliinamisha vichwa. Wanaume walijifunika kofia usoni. Hilario aliugeuzia ulingo mgongo, uso ukutani. Na mzee alipoanza kutaja jina lake la kuzaliwa, na kijiji chake, na miaka aliyopigana, kama desturi inavyomtaka aliyevuliwa, watu wakaanza kuita Zanate, Zanate, wakiangalia chini, kwa nguvu zote, ili jina lile lisisikike.

Mimi sikuinama. Sitakudanganya kwamba nilishtuka au nilichelewa. Nilikuwa nimekazia macho simu, nahangaika asitoke kwenye picha, nahangaika wewe usikose hata sekunde moja. Nilimwona ndani ya kioo, mdogo kama kidole gumba, anaongea na kulia. Mpaka akili iliponijia, Barrabás alikuwa amevua koti lake na kumfunika kichwa, amemkumbatia, anamwambia sikioni, "Umeshinda wewe. Mimi ndiye niliyelala. Waulize hawa." Na sisi tukamwitikia kwamba ndiyo, ameshinda yeye. Walimshusha na koti kichwani.

Kwa hiyo katika watu wote, uso wake ninao mimi, tena kwa sababu yako. Usiku ule ulipiga mara tatu. Niliweka simu ndani ya kopo la vifungo. Nikafikiri kukata kile kipande cha mwisho na kukutumia kilichobaki, ubavu wa Hilario na vichekesho vya Barrabás. Lakini mimi kukata sijui, na wale vijana wa duka la simu kabla ya kukata wangetazama kwanza. Nikafikiri kukutumia wewe peke yako. Nakuamini. Lakini wewe ungemwonyesha Yadira, Yadira angemwonyesha dada yake, na kabla ya Krismasi angekuwa anatazamwa na watu ambao hawajui hata kumpigia makofi.

Jumapili nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta kitandani na kinyago cha zamani, chenye viraka vya Mama kwenye shavu. Amparo anasema tangu siku ile halali bila hicho. Akanijua. Akaniita kwa jina. Nikaanza kueleza habari ya kamba, akanikatiza, akanishika mkono, na kumbe alikuwa anakumbuka.

"Kuna aliyeniona?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna, Don Zanate, watu wote waliinama, hata Barrabás alifumba macho.

"Na wewe, binti wa fundi?"

"Hata mimi," nikamwambia.

Alishusha pumzi ndefu, akaomba uji wake wa mahindi, akanywa wote. Amparo alisema hajanywa bakuli zima tangu Jumatatu ile. Na wakati wote huo simu ilikuwa mfukoni mwangu, imegusana na godoro lake. Nikatoka hadi ukumbini, nikaifuta video yote. Mashine ikaniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara mbili zote nikaiambia ndiyo.

Nilikwenda kuomba radhi, nikarudi nimeongeza uwongo. Sijaungama bado. Nimeogopa padri ataniambia nirudi nikamweleze mzee ukweli, na hilo sitalifanya.

Nisamehe, mdogo wangu. Najua hii karatasi si kitu, na ulistahili kumwona akiwa amesimama na mikono kiunoni. Ukitaka kunikaripia, pokea simu yangu Jumapili nitakapopiga, unikaripie mpaka uchoke. Nitanyamaza.

Nisalimie Yadira, na Itzel, na Ramsés, mwambie shangazi yake amefurahi kusikia amefaulu hesabu. Mpe Chabela kahawa nzuri, amekubeba sana yule. Shangazi Refugio anakusalimu, na Hilario anakusalimu, na comadre Ofelia, rafiki yangu muuza mkate, anauliza kama umenenepa. Bikira wa Guadalupe akufunike kwa joho lake, wewe na wote waliomo nyumbani mwako, na akulinde barabarani unapokwenda kazini.

Mimi ni dada yako akupendaye, hata ukinuna,

Herminia

Nimesahau. Siku ukijaaliwa kurudi, tutakaa jikoni, na nitakujibu lolote utakaloniuliza kuhusu Mama, kuhusu baba, kuhusu nyumba. Sura ya yule mzee usiniulize, Tello, maana wewe, ukiacha huo mtandao mbovu, sijawahi kukudanganya.